Magoti Yanauma, Vidole Vimekaza: Mwongozo Kamili wa Kuishi na Ugonjwa wa Viungo Dar es Salaam

Ukiingia duka la dawa ukasema "nipe ya miguu", utapewa. Mara nyingi hakuna atakayekuuliza ni mguu upi, umeanza lini, wala asubuhi unaamkaje. Wagonjwa wengi wa viungo hapa Dar wanaanza kuharibikiwa hapo dukani, kwa sababu kinachoitwa ugonjwa wa viungo si ugonjwa mmoja. Ni kundi la magonjwa zaidi ya 100, na dawa inayomfaa jirani yako inaweza kukuumiza figo wewe. Mimi nimefanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na ombi langu kubwa kwa kila anayesoma hapa ni moja: jua kwanza kiungo chako kina nini, ndipo ufungue pochi.

Nimeupanga mwongozo huu kwa hatua. Soma ya kwanza na ya pili bila kuruka, hata kama unaumwa siku nyingi na unaamini unajua tatizo lako.

Hatua ya 1: Hakikisha si dharura

Goti, nyonga au kiungo chochote kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto, ukashindwa hata kukigusa, na mwili una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Inawezekana wadudu wameingia ndani ya kiungo, na wakiachwa wanakiharibu kwa siku chache tu. Daktari atachomeka sindano na kuvuta maji ya kiungo ili yapimwe. Usianze antibayotiki za dukani kabla ya hapo; zinaweza kuficha wadudu kwenye kipimo huku zikiwa hazina nguvu ya kuwamaliza.

Wapo wengine wasiopaswa kungoja. Mtoto anayechechemea akiwa na homa. Aliyeanguka akashindwa kukanyagia mguu. Mwenye maumivu ya mgongo ambaye miguu inaanza kulegea au mkojo unamtoka bila kujua. Mwenye selimundu aliyeanza kuumwa nyonga, kwa sababu selimundu inaweza kuzuia damu kufika kwenye kichwa cha mfupa wa paja, mfupa ukafa akiwa bado kijana. Na mtu ambaye mgongo au kiungo kimemuuma kwa wiki nyingi, anapungua uzito na kutokwa jasho usiku, apimwe kifua kikuu. TB hukaa pia kwenye mifupa.

Hatua ya 2: Kisikilize kiungo kabla hujakitibu

Chukua daftari. Kwa wiki moja andika mambo manne: ni viungo gani vinauma, asubuhi ukakamavu unachukua muda gani kulegea, maumivu yanazidi ukitumia kiungo au ukipumzika, na kama kuna uvimbe. Majibu hayo yatamsaidia daktari kuliko kumwambia "mwili wote unauma".

Kundi kubwa kuliko yote ni la gegedu kulika, ugonjwa ambao madaktari huuita osteoathraitisi. Gegedu ni ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa. Kazi yake haina tofauti na bushi ya gari, mifupa ikutane bila kugongana. Ikilika, kiungo kizima kinabadilika: mfupa unaota vipembe, ute unapungua ubora, misuli inayozunguka inalegea. Dalili zake zinajulikana. Goti linauma ukipanda ngazi au ukisimama muda mrefu, linatulia ukikaa. Asubuhi linakaza, lakini kwa kawaida linalegea ndani ya nusu saa. Ukilikunja linalia. Uzee huchangia, na vilevile uzito mkubwa, jeraha la zamani la mpira, na kazi za miaka mingi za kuchuchumaa na kubeba. Wanawake huugua zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na milioni 365 kati yao uliwashika magoti.

Baridi yabisi, ile inayoitwa kitaalamu rumatoidi, inakwenda kwa njia nyingine kabisa. Hapa kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia viungo. Huanzia kwenye viungo vidogo, vidole vya mikono na viganja au nyayo, na mara nyingi pande zote mbili kwa pamoja. Asubuhi mikono inakaza kwa saa nzima au zaidi, kufunga vifungo vya shati ni shida, na uchovu haumwishi mtu hata akilala. Inaweza kumpata dada wa miaka 30 sawa na bibi wa miaka 60. Akiambiwa "ni baridi tu, vaa soksi", anapoteza miezi ambayo dawa ingeviokoa vidole vyake. Hilo linaniuma sana, kwa sababu vidole vikishapinda havirudi.

Gauti, au jongo, huja kama shambulio. Mtu amelala mzima, usiku anaamka kidole gumba cha mguu kimevimba, chekundu au kinang'aa, hata shuka likikigusa anapiga kelele. Ni chembe za asidi ya yuriki, taka inayozunguka kwenye damu, zilizoganda ndani ya kiungo. Huwapata zaidi wanaume wa makamo, na wanawake baada ya kukoma hedhi.

Halafu kuna maumivu yanayoletwa na mbu. Dengue imelipuka hapa Dar, mwaka 2014 na tena 2019, na chikungunya ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapahapa nchini, baada ya mlipuko wa mwaka 1952 katika Uwanda wa Makonde. Chikungunya inaweza kumwachia mtu maumivu ya viungo kwa miezi. Kama yako yalianza na homa kali na vipele, hasa kipindi cha masika, mwambie daktari. Na tahadhari: homa ambayo inaweza kuwa dengue usiitibu kwa diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini, kwa sababu zinaongeza hatari ya kutokwa damu. Tumia parasetamoli na ukapime.

Hatua ya 3: Nenda hospitali ukiwa umejipanga

Anza kituo cha afya cha karibu au hospitali ya rufaa ya mkoa: Amana kwa watu wa Ilala, Temeke kwa upande wa Mbagala na jirani zake, Mwananyamala kwa Kinondoni. Kesi ikihitaji bingwa, utapewa rufaa kwenda Muhimbili au Taasisi ya Mifupa, MOI, pale Upanga. Kama una bima, uliza dirishani mapema kama fiziotherapia na kipimo ulichoandikiwa vinalipiwa, maana kuambiwa ukiwa tayari kwenye foleni kunakatisha tamaa.

Beba lile daftari. Beba na dawa zote unazotumia, za presha, za kisukari, hata za mitishamba, kwenye mfuko mmoja. Si umbea, baadhi ya dawa za presha, kama bendrofluazaidi na haidroklorothiazaidi, hupandisha asidi ya yuriki na kuchochea gauti. Daktari akijua anaweza kukubadilishia. Wewe usiziache mwenyewe.

Picha ya eksirei ya goti ni bora ipigwe ukiwa umesimama. Ukiwa umelala nafasi kati ya mifupa inaweza kuonekana kubwa kuliko ilivyo. Usitishwe na picha peke yake. Nimeona watu wenye picha mbaya wanatembea sokoni bila shida, na wenye picha nzuri wanalia usiku. Kwa baridi yabisi kuna vipimo vya damu, ikiwamo kipimo cha rumatoidi, lakini kipimo hicho kinaweza kusoma chanya kwa mtu mwenye maambukizi mengine kama TB, na kinaweza kusoma hasi kwa mgonjwa kweli. Vivyo hivyo asidi ya yuriki inaweza kuonekana ya kawaida katikati ya shambulio la gauti. Irudiwe wiki chache baadaye. Kipimo kinasomwa pamoja na mgonjwa.

Kabla hujatoka chumbani kwa daktari, uliza: Huu ugonjwa unaitwaje? Dawa hii nitatumia kwa muda gani? Nirudi lini, na nikiona nini nirudi kabla ya siku hiyo? Mwombe akuandikie jina la ugonjwa kwenye karatasi.

Hatua ya 4: Mazoezi, ambayo ndiyo dawa yenyewe kwa goti lililolika

Nitakaa hapa muda mrefu kwa makusudi. Kwa osteoathraitisi ya goti, hakuna kidonge kinachorudisha gegedu. Kinachoweza kukurudisha sokoni, msikitini na kwenye mabasi ya mwendokasi ni misuli ya paja na nyonga, kwa sababu misuli yenye nguvu inabeba mzigo ambao goti lingebeba peke yake. Wengi wanaogopa: goti linauma, nikilichezesha si litalika zaidi? Hapana. Goti lisilotumika linakonda misuli, linakaza, na maumivu yanazidi.

Kanuni ya maumivu ni hii. Yape maumivu namba, 0 mpaka 10. Wakati wa zoezi yakifika 4 au 5, endelea. Yakizidi hapo, punguza. Kesho yake yanapaswa yawe yamerudi yalipokuwa. Kama bado yapo juu, jana ulizidisha, si kwamba mazoezi hayakufai.

Anzia kitandani. Kunja kanga au taulo liwe mviringo, liweke chini ya goti, kandamiza goti kulibana taulo mpaka paja likaze. Shikilia kwa sekunde 5, achia. Rudia mara 10, kila mguu. Hili hata mwenye maumivu makali analiweza. Halafu, ukiwa umelala chali, kunja mguu mmoja na uunyooshe mwingine. Inua ule ulionyooka kiasi cha sentimita 30, shikilia sekunde 5, ushushe taratibu. Mara 10. Malizia kwa kuvuta kisigino kuelekea makalio kikiteleza juu ya shuka, ukunje goti kadiri linavyokubali, ulinyooshe tena.

Hamia kwenye kiti. Kaa wima, nyoosha goti mpaka mguu ulingane na paja, shikilia sekunde 5, shusha. Baada ya wiki mbili tatu, ukiona rahisi, funga kwenye kifundo cha mguu mfuko wa nusu kilo ya mchele kwa kutumia kanga. Kisha zoezi ninaloliamini kuliko yote: kukaa na kusimama. Tafuta kiti imara, kisogeze kifike ukutani kisiteleze. Kama kiti ni kifupi, weka mto. Kunja mikono kifuani, inama mbele kidogo, simama bila kujivuta, kaa polepole bila kujitupa. Ukishindwa, shika meza kwanza. Anza na mara 5, fika 10, halafu raundi tatu zenye mapumziko katikati. Bibi anayeweza hili hahitaji mtu wa kumnyanyua kwenye kochi.

Mwisho simama umeshika nondo za dirisha. Nyanyua mguu pembeni bila kuinamisha kiwiliwili, mara 10 kila upande, kwa ajili ya misuli ya nyonga. Halafu nyanyua visigino vyote viwili, ushuke taratibu, mara 10.

Mazoezi ya kitandani fanya kila siku. Ya kiti na ya kusimama yanatosha siku tatu kwa wiki. Jipe wiki 8 mpaka 12 ndipo upime mafanikio. Misuli haijengeki kwa siku tatu, na wengi wanaacha wiki ya pili wakisema hayasaidii.

Kutembea nako kunahesabika. Toka saa 12 asubuhi kabla jua halijakolea, dakika 10 tu, uongeze kidogo kidogo mpaka ufike dakika 30 siku nyingi za wiki. Ukienda Coco Beach, tembea maji yakiwa yamekupwa, kwenye mchanga mgumu ulio sawa. Mchanga mkavu unaozama unayachosha magoti. Kutembea ndani ya maji yanayofika kiunoni ni kuzuri sana kwa mtu mzito, kwa kuwa maji yanaubeba mwili, ila usiende peke yako na uchague siku bahari imetulia.

Viatu: acha kandambili kwa matembezi. Raba za mtumba pale soko la Karume zinafaa, lakini igeuze uangalie soli. Ikiwa imelika upande mmoja, irudishe. Itakulazimisha utembee kama alivyotembea mwenyewe wa kwanza. Fimbo ishikwe mkono wa upande wa pili, mguu wa kulia ukiuma fimbo ikae kushoto, na mpini ufike usawa wa kifundo cha mkono ukiwa umesimama na mkono umening'inia. Watu wengi huishika upande unaouma, na hapo inasaidia kidogo tu.

Hatua ya 5: Punguza mzigo

Kila kilo moja unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Ukipunguza kilo tano, goti linapumua kilo ishirini, maelfu ya mara kwa siku. Huhitaji chakula cha kigeni. Punguza ugali au wali ubaki robo ya sahani, nusu iwe mboga, mchicha, matembele, kisamvu kisichoogelea kwenye tui, na robo iliyobaki maharage, samaki au kuku. Soda na juisi za sukari ziache kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Ndipo kilo nyingi zilipojificha. Chapati na maandazi ya kila asubuhi yageuke kuwa ya Jumapili.

Kuhusu bamia. Karibu kila mgonjwa ameshaambiwa kwamba ute wa bamia, au supu ya makongoro, unaongeza ute wa magoti. Bamia ni mboga nzuri, kula. Lakini tumbo linausaga ute huo kama linavyosaga chakula kingine; hauna njia ya kwenda gotini.

Hatua ya 6: Rekebisha nyumba na safari

Nyumba zetu zimejengwa kwa watu wanaochuchumaa, na kwa goti bovu kila kuchuchumaa ni adhabu. Anza na choo. Kama ni cha shimo au cha kuchuchumaa, mpe fundi kiti imara cha chuma au mbao akitoboe katikati, kikae juu ya tundu miguu yake ikiwa imepanuka. Kiwe kirefu kiasi kwamba ukikaa nyonga ziwe juu kidogo ya magoti. Kiti chepesi cha plastiki kinateleza kwenye sakafu iliyolowa, kiogope. Ukutani afunge bomba la chuma la kushikia. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na nyonga iliyovunjika.

Jikoni, pandisha kila kitu. Jiko la mkaa liwekwe juu ya tofali zilizopangwa vizuri hadi kimo cha meza, upike umesimama au umekaa kwenye kiti kirefu badala ya kigoda. Mbuzi ya nazi ipumzike. Nunua nazi iliyokunwa kwa mashine, au tumia blenda. Mwenye baridi yabisi asikamue tui kwa kuminya kwa mikono, achuje na kukandamiza kwa mwiko. Beseni la kufulia likae juu ya stuli. Ufagio wa chelewa utiwe mpini mrefu. Maji yachotwe kwenye ndoo mbili ndogo za lita 10, moja kila mkono, badala ya ndoo ya lita 20 kichwani. Vijiko na visu vizungushiwe kitambaa au mpira mpini uwe mnene, vidole visilazimike kubana sana.

Kwenye ibada usijitese. Mwislamu mwenye udhuru ameruhusiwa kuswali amekaa kwenye kiti, na kanisani hakuna atakayekulaumu ukibaki umekaa wengine wanapopiga magoti.

Safarini, mwendokasi ni afadhali kuliko daladala kwa sababu sakafu ya basi inalingana na ya kituo, hakuna ngazi ya kupanda. Kwenye daladala mwambie konda mapema, "Mdogo wangu, nashuka kituo kijacho, mguu unauma, nisubiri kidogo." Wengi husubiri. Bajaji ni rahisi kuliko bodaboda, kwa kuwa huhitaji kurusha mguu. Ngazi panda kwa kutanguliza mguu mzima, ushuke kwa kutanguliza unaouma, mkono ukiwa kwenye reli.

Hatua ya 7: Dawa za maumivu, kwa uangalifu

Anza na za kupaka. Jeli ya diklofenaki ikichuliwa kwenye goti au vidole inasaidia wengi, na sehemu ndogo tu inaingia kwenye damu. Kiungo kilichokaza kikandwe kwa maji ya uvuguvugu. Kilichovimba na chenye moto kiwekewe barafu iliyofungwa kwenye kanga kwa dakika 15. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asijikande bila mtu mwingine kuyapima maji kwanza, ataungua bila kujua.

Parasetamoli: mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 ndani ya saa 24, na mwenye ini bovu, mnywaji pombe au aliyekonda anahitaji kipimo kidogo zaidi. Angalia zile za mchanganyiko ambazo mtaani huitwa diklopa; ndani yake mna diklofenaki na parasetamoli tayari, kwa hiyo ukiongeza panadol unajizidishia.

Diklofenaki na ibuprofeni zina nguvu, na ndizo ninazoziogopa zaidi zikiuzwa kama karanga. Zinatoboa tumbo, zinapandisha presha, zinaumiza figo, hasa kwa mzee anayetumia dawa za presha. Usitumie mbili kwa pamoja. Kula kwanza. Tumia kipimo kidogo kwa siku chache. Mwenye vidonda vya tumbo, figo, moyo, presha isiyotulia, au mjamzito, asiziguse bila daktari. Choo kikiwa cheusi kama lami, acha na uwahi hospitali.

Sindano ya steroidi, dawa kali ya kuzima uvimbe, ndani ya goti, ikichomwa na daktari, inaweza kutuliza kwa wiki kadhaa. Isiwe kila mwezi.

Hatua ya 8: Kama ni gauti, au kama ni baridi yabisi

Shambulio la gauti linatulizwa kwa dawa atakazochagua daktari kulingana na figo zako, mfano kolkisini. Lakini kutuliza shambulio si kutibu gauti. Wanaopata mashambulio mara kwa mara wanahitaji alopurinoli kila siku, kwa kawaida ikianza na miligramu 100 au chini na kupandishwa taratibu mpaka asidi ya yuriki ishuke chini ya 360 kwa kipimo cha maikromoli kwa lita. Miezi ya mwanzo mashambulio yanaweza kuongezeka. Usiikatae dawa kwa sababu hiyo. Ila ukiona vipele mwilini, acha mara moja na urudi kwa daktari. Punguza bia, maini, figo, utumbo, supu nzito za nyama, dagaa kwa wingi, na soda. Kunywa maji. Maharage na choroko havina ubaya kama watu wanavyosema.

Kwa baridi yabisi, dawa za maumivu peke yake ni kupoteza muda. Zipo dawa zinazozuia ugonjwa wenyewe, na ya kwanza kwa wengi ni methotreksati. Ishike kanuni hii kama jina lako: inamezwa mara moja kwa WIKI, siku ileile, kamwe si kila siku. Kuimeza kila siku kumeua watu. Huendana na vidonge vya foliki asidi, vipimo vya damu vya mara kwa mara, kuacha pombe, na uzazi wa mpango wa uhakika, kwa kuwa inaharibu mimba. Inachukua wiki 6 mpaka 12 kuonyesha kazi. Wengine hupewa haidroksiklorokwini, wao wakapimwe macho kama watakavyoelekezwa.

Hatua ya 9: Kataa biashara ya maumivu

Zipo chupa na vidonge visivyo na jina vinavyouzwa stendi, kwenye mabasi na simuni, vikitibu "viungo, mgongo, ganzi na nguvu za kiume" kwa pamoja. Ukimeza ukapata nafuu ya ajabu ndani ya siku moja, shuku. Mara nyingi duniani dawa za namna hiyo zimekutwa zimechanganywa kwa siri na steroidi kama prednisoloni au deksamethasoni. Steroidi zinazima maumivu haraka, huku zikivimbisha uso, zikipandisha sukari na presha, zikilainisha mifupa. Kama umeshazitumia kwa wiki kadhaa, usizikate ghafla. Nenda hospitali na kopo lenyewe, mwili wako unaweza kuwa umezizoea.

Chale kwenye goti zinaingiza wadudu. Kuchua kwa nguvu goti lililovimba kunalizidishia. Na anayekuambia uache dawa za hospitali ili yake ifanye kazi, usimrudie.

Hatua ya 10: Pale upasuaji unapofikia

Kama umefanya mazoezi kwa miezi, umepunguza uzito, dawa umetumia sawasawa, na bado huwezi kulala usiku wala kutembea hadi dukani, zungumza na bingwa wa mifupa kuhusu kubadilishiwa goti au nyonga. MOI wanafanya upasuaji huo. Umri si kizuizi peke yake. Kinachoangaliwa ni moyo, sukari, presha na meno au ngozi isiyo na maambukizi.

Jiandae wiki 6 kabla. Endelea na mazoezi ya Hatua ya 4, kwa sababu anayeingia na misuli imara anasimama mapema. Maliza kile kiti cha choo kabla, maana baada ya upasuaji kuchuchumaa hakuna. Hamishia kitanda chumba cha chini kama unaishi ghorofani, ondoa mikeka na mazulia yanayoteleza, na panga ndugu wa kukaa nawe wiki za mwanzo, anayeweza kukuhesabia mazoezi hata siku ambayo hutaki. Muulize daktari gharama zote mapema, ikiwamo kiungo chenyewe na fiziotherapia ya baadaye, kwa kuwa wengine hulipia operesheni halafu wanakosa nauli ya kurudi kliniki, na goti jipya linakazia nyumbani.